"Hiyo Si Gitaa Tena, Hiyo Ni Matatu"

Wasee, leo tuongee historia. Najua hilo neno linawarudisha Form Two, saa nane mchana, nusu ya darasa imelala na mwalimu anasoma noti. Nipeni dakika kumi tu. Hii ni historia ya kopo la rangi, na kwangu ilianza na matusi.

Mwezi jana niliingia duka moja la vifaa vya muziki hapa Nakuru nikitafuta nyuzi na skrubu mbili. Nikamwonyesha jamaa wa kaunta picha ya gitaa kwenye simu, nikamwambia nataka kulipaka upya mwenyewe, nyumbani, na rangi ya kupuliza ya kopo. Alicheka hadi akashikilia kaunta. "Buda, gitaa hupakwa kiwandani. Ukipuliza hiyo rangi ya kopo, hiyo si gitaa tena, hiyo ni matatu."

Iliniuma, siwadanganyi. Nilifika nyumbani nikaanza kusoma, kwanza kwa hasira, halafu kwa sababu stori ilikuwa tamu. Na nimefika mahali nikaona yule jamaa alisema ukweli bila kujua. Gitaa la umeme limekuwa ndugu ya gari tangu mwanzo.

Njano ya 2004

Kwanza mjue gitaa lenyewe. Ni la umeme, lina pembe mbili na pikapu tatu, na kichwani hakuna jina la kampuni, lilifutika kitambo. Lilikuwa la mjomba, kaka mkubwa wa mama. Kwao ni Litein, lakini maisha yake yote ya kazi yalikuwa hapa Nakuru. Mchana alikuwa fundi wa rangi za magari. Wikendi alipiga gitaa la pili kwenye bendi ya harusi: Njoro, Molo, Kericho, popote palipoitwa. Alituacha miaka mitatu iliyopita, na tangu siku hiyo gitaa lilikaa juu ya kabati la mama, limefunikwa leso.

Rangi yake ni njano. Na unaijua hiyo njano, hata kama hujawahi kuona gitaa lenyewe. Ni ile ya mstari wa matatu.

Kama ulizaliwa baada ya 2004, labda unadhani matatu zilikuja duniani na ule mstari. Hapana. Mwaka wa 2003 waziri wa uchukuzi, John Michuki, alitoa kanuni mpya kupitia tangazo la kisheria nambari 161, na zikaanza kufanya kazi Februari 1, 2004. Kila matatu iwe na mikanda ya viti. Iwe na kidhibiti mwendo, isipite kilomita 80 kwa saa. Na ubavuni iwe na mstari wa njano unaozunguka. Michoro ya nganya, zile sura za wanamuziki na maandishi ya moto, ikapigwa vita. Siku za kwanza watu walitembea kwa miguu kwenda kazini kwa sababu magari mengi hayakuwa tayari.

Kwa mafundi wa rangi, ile ilikuwa Krismasi ya ajabu. Kazi ya sanaa iliisha, kazi ya mstari ikajaa. Mama anasimulia kwamba mjomba alikuwa anarudi nyumbani na njano kwenye kope. Siku moja mkebe ulibaki na rangi kidogo chini, na gitaa lake, ambalo lilikuwa jeusi, lilikuwa limechunika. Akamalizia hapo.

Kwa hivyo nilichorithi si gitaa la njano tu. Ni kipande cha 2004. Sasa ile njano inabanduka, nyeusi ya chini inachungulia, na pale juu, mahali mkono wa kulia hulala ukipiga, rangi yote imeisha hadi kwenye mbao. Mpango wangu ulikuwa rahisi: toa kila kitu hadi mbao, paka bluu, maliza. Nilipomwambia mama, hakupiga kelele. Alisema tu, "Usifute mkono wa ndugu yangu."

Hapo nilikwama. Jamaa wa duka anasema nitaharibu gitaa. Mama anasema nitamfuta mtu. Nikaamua kabla ya kununua msasa nijue hii rangi ya magitaa ilitoka wapi.

Gereji ndiyo kiwanda

Rudi miaka mia moja. Mwanzoni mwa karne ya 20, kupaka gari rangi kulichukua siku nyingi, wakati mwingine wiki, kwa sababu rangi za mafuta zilikauka pole pole. Ndiyo maana Ford Model T, kuanzia 1914 hadi 1925, iliuzwa nyeusi tu. Kisha kampuni ya DuPont ya Marekani, iliyokuwa imejenga jina kwa kutengeneza baruti, ikachukua selulosi ya pamba iliyotiwa asidi ya nitriki, ambayo ni jamaa wa karibu wa baruti yenyewe, ikaigeuza kuwa rangi. Wakaiita Duco. Mwaka wa 1923 magari ya Oakland, chapa ya General Motors, yalitolewa yakiwa yamepakwa hiyo rangi, bluu iking'aa. Ilipulizwa, haikupakwa kwa brashi, na ilikauka haraka. Barabara zikaanza kupata rangi.

Sasa ingia Leo Fender. Alizaliwa California mwaka wa 1909, na mwaka wa 1938 akafungua duka la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton. Fundi wa redio. Hakujua hata kupiga gitaa! Yaani mtu wa jua kali kabisa, ila jua lake lilikuwa la California. Mwaka wa 1950 kampuni yake ilianza kuuza gitaa la umeme lenye bodi ya ubao mzima, bila tumbo, na mwaka wa 1954 ikatoa Stratocaster, ambalo gitaa la mjomba ni mtoto wake wa nje.

Ubao mzima hauhitaji vanishi ya fundi wa fidla. Unahitaji praima, rangi, na safu ya mwisho ya kung'arisha, kama boneti. Fender wakatumia rangi za magari, zile zile za DuPont. Mteja aliyetaka rangi maalum aliongeza asilimia 5 ya bei, akachagua kwenye kadi. Fiesta Red ilikuwa nyekundu ya Ford Thunderbird ya 1956. Lake Placid Blue ilikuwa bluu ya Cadillac ya 1958. Leo matajiri wanalipa pesa za shamba kwa gitaa la zamani lenye hizo rangi, na kile wanachokinunua ni rangi ya Cadillac juu ya ubao.

Na sikia hii. Magitaa kadhaa ya Fender ya miaka ya sitini, yakichunika, chini ya rangi maalum kunaonekana rangi nyingine ya awali. Kiwanda chenyewe kilichukua bodi iliyokwisha kupakwa, kikapuliza rangi mpya juu. Kama mjomba tu. Kwa hivyo mtu akikuambia gitaa halipakwi mara mbili, mwambie kiwanda kilianza.

Kopo lilianza na mbu

Na kopo je? Lile unalolitikisa na kitu kinagonga ndani, ka-gololi ka kuchanganya rangi?

Miaka ya 1920, mhandisi wa Norway, Erik Rotheim, alipata hataza ya chombo kinachotoa kimiminika kwa nguvu ya gesi. Wazo halikushika sana. Kilicholisukuma ni vita na mbu. Katika Vita vya Pili vya Dunia wanajeshi wa Marekani walikuwa wanaugua malaria huko Pasifiki, na watafiti wawili wa wizara ya kilimo, Lyle Goodhue na William Sullivan, wakatengeneza kopo la chuma la kupuliza dawa ya wadudu. Vita vilipoisha, teknolojia ikabaki ikitafuta kazi.

Mwaka wa 1949, katika mji mdogo wa Sycamore, Illinois, Edward Seymour alikuwa akiuza rangi ya aluminiamu ya kupaka mitambo ya kupasha nyumba joto. Alitaka njia rahisi ya kuwaonyesha wateja. Mke wake, Bonnie, akamwambia: si uiweke kwenye kopo la kupuliza? Akaiweka. Wateja wakaipenda rangi, lakini wakalipenda kopo zaidi.

Kabla ya hapo, kupuliza rangi kulihitaji kompresa, bunduki ya rangi na gereji. Baada ya Bonnie, kulihitaji kidole. Gereji nzima iliingia kwenye mkebe mmoja, na kijana asiye na kitu akaweza kubeba karakana kwenye mfuko wa shule. Michoro ya ukutani ilitoka hapo. Na gitaa maarufu kuliko yote la kupakwa nyumbani pia lilitoka hapo.

Eddie Van Halen, mtoto wa wahamiaji, alizaliwa Amsterdam na akakulia California. Katikati ya miaka ya sabini alikusanya bodi yenye kasoro ya dola 50 na shingo ya dola 80, akafunga tepu ovyo ovyo, akapuliza rangi ya baiskeli, akabandua tepu, na mistari ikabaki. Nyeusi na nyeupe kwanza, halafu 1979 akaongeza nyekundu. Rangi ya baiskeli, wasee. Mwaka wa 2019 hilo gitaa lilionyeshwa Metropolitan Museum of Art, New York, watu wakilipiga picha kupitia kioo.

Lakini hiyo ni ya huko

Najua unachofikiria, kwa sababu nami nilifikiria hivyo. Sawa, hayo ni ya Wamarekani. Sisi wa Bonde la Ufa tuna nini hapo?

Mwaka wa 1950, Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alifika Kapkatet, upande wa Kericho, kilomita chache tu kutoka Litein. Akarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba kwa chepkong, kinubi chetu cha asili. Wimbo ulimhusu mtu aitwaye Chemirocha. Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa muziki wa kantri kutoka Mississippi, aliyefariki 1933 kwa kifua kikuu. Santuri zake zilikuwa zimefika huku juu kwenye chai, watu wakasikia ile sauti na lile gitaa, na kwa sababu hawakuwahi kumwona mwenyewe, akageuka kiumbe: nusu mtu, nusu swara. Jina lake walilipaka rangi yao hadi likawa la Kikipsigis. Rekodi hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini, na miaka zaidi ya 60 baadaye zikarudishwa kijijini, wazee wakasikia sauti za ujana wao.

Baadaye gitaa lenyewe likafika, na likazungumza lugha yetu. Mwulize mzee yeyote wa Kikalenjin kuhusu Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et, halafu kaa chini, kwa sababu hutaondoka karibuni. Mjomba alijifunza kwa kuziiga hizo nyimbo kutoka redioni.

Na kuna jambo moja kuhusu Jimmie Rodgers ambalo lilinifanya nisimame katikati ya kusoma. Mgongoni mwa gitaa lake aliandika neno moja kubwa, kichwa chini: THANKS. Shoo ikiisha aligeuza gitaa, na watu wakasoma asante yake. Wale wasichana wa Kapkatet walimwimba mtu ambaye gitaa lake lilikuwa na maandishi mgongoni, kama nganya ya Nakuru.

Kazi yenyewe, na nilivyoiharibu

Nikaanza. Nikatoa nyuzi, shingo, pikapu, kila skrubu kwenye kijaluba chake, na picha za nyaya zote kabla ya kugusa. Halafu nikafanya ujinga. Saa kumi jioni, nje ya nyumba, nikapuliza upande wa mbele moja kwa moja juu ya ile rangi ya zamani, kopo likiwa karibu kama nanyunyiza marashi.

Jina Nakuru linasemekana limetoka kwa neno la Kimaasai la vumbi. Naweza kuthibitisha. Upepo wa jioni ulinishushia nusu ya barabara juu ya rangi mbichi. Halafu, mbele ya macho yangu, rangi ikakunjamana kama utando wa maziwa kwenye chai.

Nikampelekea rafiki wa mjomba, mzee ambaye bado anapaka matatu. Hakucheka. Akasema, "Kijana, hii thina ya kopo lako imekula ile rangi ya chini. Ulikuwa na haraka na mtu hukumjua." Kisha akanifundisha, na nawapa kama alivyonipa.

Usipige msasa mkavu kwenye rangi ya zamani, hasa njano. Rangi nyingi za njano za zamani zilipata ule mng'ao kutoka kwa kromati ya risasi, na vumbi lake ni sumu, mbaya zaidi kwa watoto. Tumia msasa wa maji, namba 400, vaa glavu na maski, futa uchafu na tambara utakalotupa, na usimwage yale maji mahali watoto wanachezea. Usitoe usichohitaji kutoa. Lainisha tu, kisha funika.

Praima kwanza, kama ukungu mwepesi, ikauke, kisha safu nyingine. Rangi yenyewe, kopo liwe sentimita 25 hadi 30 kutoka kwenye bodi, anza kupuliza kabla ya ukingo na umalizie nje ya ukingo. Safu nyembamba tatu au nne, dakika 15 katikati. Asubuhi mapema, upepo haujaamka, na chini umemwaga maji kutuliza vumbi. Mbali kabisa na jiko, kwa sababu gesi ya kopo siku hizi ni ya jamii ya ile unayopikia. Zamani walitumia gesi isiyoshika moto, lakini ilikula tabaka la ozoni, na mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuiondoa. Mwisho, safu za kung'arisha, na hapo ndipo vijana wengi hushindwa: subiri wiki tatu kabla ya kurudisha nyuzi. Ngozi ya juu hukauka haraka. Ya ndani haina haraka na wewe.

Nilipomweleza alichosema mama, mzee alichukua tepu ya karatasi, akaibandika mwenyewe, pole pole, kuzunguka pale mkono wa mjomba ulipokuwa ukilala. "Hapa usipulize," akasema. "Hapa weka ya kung'arisha tu."

Kwa hivyo mbele ni bluu, ila pale juu kuna kidimbwi cha njano, nyeusi na mbao, kimefungwa chini ya safu safi kama picha kwenye fremu. Kiwanda cha Fender, tangu 1995, kinauza magitaa mapya yaliyochubuliwa makusudi yaonekane yamepigwa miaka mingi, na yanauzwa ghali. Mama alikuwa na uchakavu wa kweli juu ya kabati, bure.

Mgongo nimeuacha wote njano, njano ya Michuki. Nilimwomba mzee aandike neno moja tu, kwa zile herufi zake za matatu, kichwa chini: KONGOI. Ndiyo asante ya Kikalenjin, kwa wale hamjui. Ilimchukua dakika ishirini na hakutaka pesa.

Mama alipoliona alilishika muda mrefu bila kusema. Akapitisha kidole pale kwenye mbao. Kisha akauliza kama litaweza kupigwa harusi ya binti wa mjomba mwezi wa Desemba. Nikamwambia litapigwa. Sasa nina miezi ya kujifunza nyimbo tatu, mniombee.

Jamaa wa duka alikuwa sahihi. Ni matatu. Rangi ya mbele imetoka kwenye kopo lililoanza na mbu, ya nyuma imetoka kwenye sheria ya barabarani, na bodi ni mtoto wa mbali wa fundi wa redio asiyejua kupiga gitaa. Hakuna hata moja iliyoanzia kwenye muziki, na zote zimepata kazi kwenye muziki.

Kwa hivyo ukitaka kupaka gitaa lako, au kabati, au geti la kwenu, paka. Usiogope kaunta ya mtu. Lakini kabla hujanunua msasa, uliza nyumbani ni nani aliyelipaka mara ya mwisho, na alikuwa anatoka kazi gani siku hiyo.